Mzaliwa wa Nairobi Katika Sinema za Marekani

Mnamo mwezi wa Julai, mwaka 2025, majumba ya sinema katika nchi nyingi za dunia yalianza kuonyesha picha mpya ya Superman, yule shujaa wa hadithi za Kimarekani arukaye angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Picha hiyo, iliyoongozwa na Bwana James Gunn, ilikusanya zaidi ya dola milioni 600. Lakini jambo lililotupendeza sisi huku Kenya si fedha hizo, wala si shujaa mwenyewe. Wengi waliotoka katika majumba hayo walikuwa wakimzungumza mtu mwingine, mtu mweusi mwenye alama ya herufi T usoni, ambaye katika hadithi ni mvumbuzi mwenye akili nyingi na subira kidogo, aitwaye Mister Terrific. Mchezaji aliyechukua nafasi hiyo ni Bwana Edi Gathegi, naye alizaliwa Nairobi tarehe 10 Machi, 1979.

Msomaji wa Kericho au wa Bomet akilisikia jina hilo atajua mara moja ni la upande gani wa nchi yetu. Wamarekani hawajui hivyo, nao kwa muda wa miaka mingi walimtazama mtu huyu bila kujua atokako. Tangu picha yake ya kwanza mwaka 2006 hata kufikia hiyo ya Superman ilipita miaka 19. Safari hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa haifanani na zile hadithi za mtu kulala maskini na kuamka tajiri.

Bwana Gathegi alikulia Albany, mji mdogo wa jimbo la California ulio ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco. Katika ujana wake hakuwa na nia ya kucheza michezo ya kuigiza. Alipenda mpira wa kikapu, na alipoingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, tumaini lake lilikuwa katika mpira huo. Kisha akaumia goti. Mtu aliyewahi kuishi karibu na wanariadha, kama tuishivyo sisi wa nchi hii ya akina Wilson Kiprugut, ambaye mwaka 1964 kule Tokyo aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, anajua goti lililoharibika huweza kumfanyia nini kijana. Mpira ukawa umekwisha. Katika huzuni ile akajiandikisha katika darasa la uigizaji, kwa sababu alidhani ni somo rahisi. Humo ndimo alimopata kazi ya maisha yake.

Hapo inafaa nisimame kidogo, nikumbushe jinsi watu wetu wenyewe walivyoanza kuijua sinema. Wazee waliokuwa watoto katika miaka ya 1950 wanaikumbuka motokaa ya sinema ya serikali, iliyokuja na mashine ya umeme na kitambaa cheupe, ikaegeshwa kiwanjani jioni, na watu wakaketi majanini. Nyingi za picha hizo zilikuwa za mafundisho: jinsi ya kulinda udongo usichukuliwe na mvua, jinsi ya kutunza ng'ombe, jinsi ya kunawa mikono. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakija Afrika ya Mashariki kupiga picha zao kubwa, kama vile King Solomon's Mines ya mwaka 1950 na Mogambo ya mwaka 1953. Ndani ya picha hizo Mwafrika alikuwepo, lakini mara nyingi alikuwa amebeba sanduku kichwani, akitembea nyuma.

Mwaka 1957 ilitoka picha iitwayo Something of Value, juu ya vita vya Mau Mau, nayo ilipigwa kwa sehemu hapa Kenya. Mkikuyu mkubwa wa hadithi ile, kijana aitwaye Kimani, alichezwa na Sidney Poitier, mtu mweusi wa Marekani ambaye wazazi wake walikuwa wa visiwa vya Bahama. Yaani mgeni kutoka ng'ambo ndiye aliyekuja kuwa Mkikuyu. Poitier alikuwa mchezaji hodari sana, na mwaka 1964 alipata tuzo ya Oscar kwa ajili ya picha nyingine, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji mkuu wa kiume. Sina neno juu yake. Nasema tu kwamba miaka 50 baadaye mambo yaligeuka: Mkenya akawa anakwenda kwao kucheza nafasi za Wamarekani, na ndivyo alivyofanya Bwana Gathegi.

Baada ya Santa Barbara alikwenda New York, akasoma katika shule ya sanaa iitwayo Tisch ya Chuo Kikuu cha New York. Watu hudhani mchezaji wa sinema huokotwa njiani kwa sababu ya sura yake. Wako waliookotwa hivyo. Lakini shule kama ile hufundisha kazi kama vile fundi seremala anavyofundishwa: kupumua, kutoa sauti ifike kiti cha mwisho bila kupiga kelele, kusimama, kuanguka bila kuumia, kusema maneno ya watu wa miji mbalimbali kama wasemavyo wenyewe. Na zaidi ya yote humfundisha mtu kuyashika maneno mengi moyoni. Bwana Gathegi alicheza jukwaani tamthilia za Shakespeare, kama vile Othello, habari za yule jemadari mweusi aliyeponzwa na wivu. Waliosoma katika shule za misheni hawatashangaa, maana wengi tulivaa mashuka tukawa Warumi mbele ya wazazi wetu. Na wengine wamesoma Mabepari wa Venisi, aliyoifasiri Mwalimu Julius Nyerere na kuitoa mwaka 1969.

Tamthilia moja aliyoicheza huko San Diego, katika jumba liitwalo Old Globe, ingefaa kuonyeshwa hapa kwetu. Jina lake ni Two Trains Running, na mtungaji wake ni August Wilson, Mmarekani mweusi. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1969, ndani ya mkahawa mmoja wa mji wa Pittsburgh ambao serikali ya mji inataka kuununua ili iubomoe. Mwenye mkahawa anakataa bei ndogo anayotajiwa. Anazo sababu zake: zamani huko kusini alikuwa na shamba, akafukuzwa kwa nguvu, na hata leo anasema iko siku atapanda treni arudi akalidai. Kutwa nzima watu wanaingia na kutoka, wanakunywa kahawa, wanazungumza juu ya kazi isiyopatikana na deni lisilolipwa. Katika nchi hii ya chai, ambako ukoo wa Talai ulihamishwa kwenda Gwassi mwaka 1934, na ambako madai ya mashamba ya kabla ya Uhuru yangali yakijadiliwa mikutanoni, watazamaji wasingehitaji mkalimani wa mambo hayo, ila wa lugha tu.

Mwaka 2011 alicheza tena jukwaani, safari hii katika jumba la Geffen mjini Los Angeles, tamthilia iitwayo Superior Donuts ya Tracy Letts. Humo alikuwa kijana Franco Wicks wa Chicago, anayeomba kazi katika duka la maandazi ya Kimarekani la mzee mmoja aliyekata tamaa. Kijana ana maneno mengi, ana mipango ya kulifufua duka, na chini ya kwapa ana riwaya aliyoiandika mwenyewe katika madaftari. Ni nafasi ngumu, kwa sababu yampasa mchezaji awachekeshe watu kwa saa nzima, kisha awanyamazishe. Kwa maoni yangu mtu asiyeweza kazi ya jukwaani hawezi kuwa na maisha marefu katika sinema, maana jukwaani hakuna kurudia kosa.

Sasa nirudi katika sinema. Nafasi yake ya kwanza, katika picha ya Crank ya mwaka 2006, ilikuwa ya dereva wa teksi, mtu wa Haiti. Mwaka uliofuata, katika Gone Baby Gone iliyoongozwa na Ben Affleck, akawa mwuza madawa ya kulevya wa mji wa Boston aitwaye Cheese. Huyo naye mtu wa Haiti. Na miaka kadhaa baadaye, katika mchezo wa televisheni uitwao StartUp, akawa Ronald Dacey, mkuu wa genge mjini Miami, ambaye asili yake ni Haiti vilevile! Mzaliwa wa Nairobi amekuwa Mhaiti mara tatu. Mtu asiyejua kazi hiyo angecheka tu, lakini ndani yake mna jambo zito. Kwa muda mrefu waliogawa nafasi huko Hollywood walipomwona mtu mweusi mwenye asili ya ng'ambo walifikiria kwanza usukani wa teksi, kisha bunduki. Mchezaji kijana mwenye kodi ya nyumba ya kulipa hana uwezo wa kuchagua sana. Alichoweza kufanya Bwana Gathegi ni kuichukua nafasi ndogo na kumfanya yule mtu awe mtu kamili. Katika StartUp alipata nafasi ya kutosha kuonyesha hayo, maana Dacey ana mke na watoto, na kila uovu anaoutenda anauhesabu mbele yao.

Picha iliyomfanya ajulikane na vijana wa dunia nzima ilikuwa Twilight ya mwaka 2008, hadithi ya msichana ampendaye kijana mnyonya damu. Yeye alikuwa Laurent, mmoja wa wanyonya damu watatu watembezi. Picha hiyo ilileta karibu dola milioni 400. Mimi binafsi sikuipenda sana, lakini vijana hawakuniuliza. Mwaka 2009, katika picha ya pili ya mfuatano huo, Laurent akauawa na mbwa-mwitu.

Kisha ikaja X-Men: First Class, mwaka 2011. Humo alikuwa Darwin, kijana mwenye kipawa cha ajabu: mwili wake hujigeuza ili usife. Akitiwa majini huota mashavu ya samaki. Akipigwa, ngozi yake huwa ngumu kama jiwe. Basi, msomaji, katika kundi zima la vijana wale wenye vipawa, aliyeuawa kwanza alikuwa nani? Huyohuyo asiyeweza kufa, na ndiye aliyekuwa mtu mweusi. Watazamaji wengi wa Marekani walilalamika, wakasema ni desturi ya zamani ya sinema zao kwamba mtu mweusi hafiki mwisho wa hadithi. Bwana Gathegi mwenyewe baadaye alisema waziwazi kwamba hakuridhika. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki.

Katika televisheni alitembea kwa hatua ndogo ndogo. Mwaka 2007 alionekana katika House, mchezo wa madaktari, akiwa Dakta Cole, mmoja wa waombaji wengi wanaoshindania nafasi chache chini ya daktari mkali asiye na adabu; makarani waliopata kuketi katika foleni ya usaili watauelewa mchezo huo upesi. Tangu mwaka 2015 alikuwa Matias Solomon katika The Blacklist, mwuaji mwenye tabasamu na mavazi mazuri, hata mwaka 2017 ukatungwa mchezo mwingine utokanao na ule, naye akiwa mmoja wa wakubwa wake. Mchezo huo ulikatizwa baada ya sehemu 8 tu. Kuanzia mwaka 2022 akaingia katika For All Mankind, hadithi inayouliza mambo yangekuwaje kama Warusi ndio wangalitangulia kufika mwezini mwaka 1969. Humo yeye ni Dev Ayesa, tajiri mwenye kampuni ya vyombo vya angani, anayeshindana na serikali za Marekani na Urusi kuifikia sayari ya Mirihi. Hakuna teksi tena, wala bunduki. Ni mtu mwenye ndoto kubwa na kiburi kikubwa, na watu elfu nyingi wanamsikiliza.

Kabla ya hapo, mwaka 2021, alicheza nafasi ambayo wafugaji wa kwetu wangeifurahia. Picha ya The Harder They Fall inahusu watu weusi wapanda farasi wa Marekani ya magharibi. Hadithi imetungwa, lakini majina mengi ni ya watu waliopata kuishi kweli, na yeye alipewa jina la Bill Pickett. Pickett halisi alikuwa mchunga ng'ombe wa Texas aliyekufa mwaka 1932. Sifa yake ilitokana na namna yake ya kuangusha fahali: aliruka kutoka juu ya farasi, akamshika fahali pembe, akampinda shingo, kisha akamuuma mdomo wa juu kwa meno yake mpaka mnyama akalala chini. Alijifunza kwa kuwatazama mbwa wa kuchungia. Nimewasimulia wazee fulani habari hii, na mmoja akaniuliza kwa upole kama Wamarekani hawana kamba.

Mkulima mwingine, mwenye chai yake upande wa Bomet, aliuliza swali lililo bora zaidi. Akaniambia, "Bwana karani, huyo Gathegi hulipwa kwa mwezi, au kwa kilo kama sisi?"

Jibu ni kwamba mchezaji hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kazi aliyoifanya, na kazi ikiisha hurudi kutafuta nyingine. Huenda mbele ya watu wanaochagua, husoma kurasa mbili tatu, huambiwa asante, na mara nyingi hasikii tena neno. Wakala wake huchukua sehemu ya kila malipo. Lakini yako malipo ya pili yanayofanana na bonasi ya chai: picha au mchezo ukionyeshwa tena baadaye, mchezaji hupata fungu dogo. Fungu hilo ndilo liliwalisha wengi katika miezi ya njaa. Televisheni ya intaneti ilipokuja, ikiuza michezo kwa ada ya mwezi, fungu likapungua sana, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa urahisi ni mara ngapi mchezo umetazamwa. Mkulima anayepeleka majani mabichi kituoni bila kuiona mizani ataelewa uchungu huo.

Ndiyo sababu tarehe 14 Julai, 2023, wachezaji wa Marekani waligoma, nao wakakaa nje ya kazi siku 118. Bwana Gathegi alikuwa ametangazwa kuwa Mister Terrific siku chache tu kabla ya hapo. Pamoja na malipo, waligombea jambo jipya kabisa: akili bandia. Waliogopa kwamba kampuni zingepiga picha ya sura ya mtu na sauti yake siku moja, zikamlipa siku hiyo moja, kisha mashine ikaendelea kumchezesha mtu yule milele bila yeye kuwapo. Mgomo ulipokwisha mwezi wa Novemba, mapatano yalitaka mchezaji aombwe idhini kwanza na alipwe.

Mwezi wa Mei wa mwaka huohuo hapa Kericho watu walizichoma moto mashine za kuchumia chai katika mashamba makubwa, kwa sababu mashine moja huchukua kazi ya wachumaji wengi. Sisifu kuchoma mali. Lakini mtu aliyesoma habari hizo mbili katika mwaka mmoja, ya wachumaji wa Kericho na ya wachezaji wa Hollywood, aliona kwamba kilio kilikuwa kimoja. Tofauti ni kwamba wachezaji walifika mezani na chama chao, wakatoka na karatasi iliyotiwa sahihi.

Mkenya mwingine ajulikanaye zaidi katika kazi hii ni Bi Lupita Nyong'o. Yeye alizaliwa Mexico mwaka 1983, akakulia Kenya, akaonekana katika mchezo wa televisheni wa Shuga uliopigwa Nairobi mwaka 2009, akasoma uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, na mwezi wa Machi, 2014, akapata Oscar kwa picha yake ya kwanza kubwa, 12 Years a Slave. Watu hupenda kulitaja jina lake wanapowatia moyo watoto. Mimi ningependa wamtaje na Gathegi pia, kwa sababu njia ya Bi Nyong'o ilifunguka mapema mno, na wachache sana watafunguliwa hivyo. Gathegi alikuwa na miaka 27 alipoanza na teksi, na miaka 46 alipovaa koti la Mister Terrific, ambalo mikono yake imeandikwa maneno ya kutaka mchezo wa haki. Hata hivyo Bi Nyong'o naye hakuacha jukwaa: mwaka 2016 alicheza Eclipsed huko Broadway, na mwaka 2025 akacheza Twelfth Night ya Shakespeare bustanini mjini New York, ndugu yake wa kiume akiwa pacha wake katika hadithi.

Hapa kwetu michezo ya kuigiza ya shule imekuwa ikishindanishwa tangu mwaka 1959, na kila mwaka wanafunzi husafiri usiku kucha katika mabasi wakiwa na ngao za karatasi na ngoma. Mashindano yakiisha, mengi ya vipaji hivyo hufungiwa sandukuni pamoja na ngao. Mzazi anayelipa karo kwa fedha za majani ya chai anataka mtoto awe mwuguzi, mwalimu au mwanasheria, naye ana sababu. Lakini tangu Januari, 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 husoma katika moja ya njia tatu: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Kwa hiyo jambo lililokuwa mzaha nyumbani sasa limeandikwa katika fomu ya serikali, na mzazi hana budi kulijibu.

Mkulima yule wa Bomet anaye binti aliyechagua njia hiyo ya tatu. Ndiyo maana aliniuliza juu ya kilo. Sikumwambia akubali wala akatae. Nilimshauri aende akamwulize mwalimu mkuu maswali mawili: kama shule ile inafundisha kweli njia hiyo, maana si kila shule iifundishayo, na kama wanaye mwalimu aliyesomea uigizaji.